Asiingie Leba Peke Yake

Mwanamke akishikwa na uchungu mtaani kwetu, nyumba nzima huamka. Mama mkwe anakunja khanga, jirani anakimbilia bajaji, shangazi anabeba beseni na chupa ya chai. Msafara huo unakomea mlangoni mwa leba. Ndani anaingia mmoja, tena saa ile anayohitaji watu kuliko saa zote. Mkunga yupo, lakini ana vitanda vingine vya kuzungukia.

Ombi langu ni dogo: awepo mtu asiye na kazi nyingine ila kukaa naye. Kwingine kuna madula, wanawake waliofunzwa kazi hiyo na kulipwa. Kwetu anaweza kuwa dada, mama au shoga aliyeelekezwa vizuri. Amsugue mgongo, amnyweshe maji, amtembeze, amkumbushe kupumua, amwite mkunga akiona damu nyingi. Hapimi njia, hatoi dawa. Na zile chupa za mitishamba ya kuharakisha uchungu zibaki nyumbani, kwani zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kupita kiasi, na mkunga asijue kimetokea nini.

Tusidhani ni kubembelezana tu. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane walichambua majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000: waliokuwa na mtu wa kuwa nao mfululizo walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, upasuaji ukapungua, uchungu nao ukafupika kidogo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mzazi awe na mwenza anayemtaka mwenyewe.

Anayemtaka mwenyewe, jamani! Wewe mjamzito, mchague mapema, nenda naye kliniki, mwulize muuguzi utaratibu wa kituo chako. Yule wa "mimi nilizaa watano wala sikulia" mwache nyumbani awapikie watoto. Baba akitakiwa na akiweza, aingie. Asipotakiwa asinune, kutafuta usafiri na damu ya akiba nako ni kazi.

Najua wakunga watasema wodi ni moja, vitanda vimebanana, mgeni wa huyu atamwona yule akiwa uchi. Hoja hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni pazia. Kigoma, vituo vya serikali vilivyojaribu utaratibu huu kuanzia 2016 vilihangaikia faragha kwanza, na wenza wakaingia. Mapazia na viti vichache haviwezi kuishinda kata inayochangia harusi kila Jumamosi.

Kwa hiyo wajumbe wa kamati za vituo vya afya, nanyi wananchi mnaohudhuria mikutano ya mtaa: mwenyekiti akifika kwenye mengineyo, mmoja wenu asimame aulize mapazia ya leba yatatundikwa lini, na nani anaanza kuchangia.