Njia ya Ujumbe Iwe ya Umma

Mboga za Lushoto huteremka kutoka milima ya Usambara kwa barabara ya Soni hadi Mombo, kisha huenda Tanga na Dar es Salaam, na nyingine huvuka bahari mpaka Visiwani. Barabara ile ni ya umma. Haimwulizi dereva gari lake limeundwa na kampuni gani. Lakini mkulima wa Lushoto anapompelekea ujumbe mnunuzi wake wa Unguja au Pemba kwa programu za simu zilizoenea leo, ujumbe huo hupita katika njia yenye mwenyewe. Asiyejiandikisha kwa mwenye njia hiyo hapati kusema wala kusikia.

Hali hiyo si ya lazima. Mwaka 1998 Mmarekani Jeremie Miller alianza kuunda utaratibu wa wazi wa kupelekeana ujumbe wa papo kwa papo, ulioitwa Jabber na baadaye XMPP. Mwaka 2004 chombo cha kimataifa kinachotunga kanuni za intaneti kiliuingiza miongoni mwa kanuni zake. Kanuni hizo husomwa bure. Chuo, ofisi au mtu yeyote aweza kuweka seva yake na kuzungumza na seva za wengine, kama vile posta ya nchi moja ipokeavyo barua za nchi nyingine. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na watu wanaojitolea kuandika programu, kusahihisha makosa na kutafsiri.

Kujitolea si jambo geni kwetu. Wazee wa Usambara na jirani zao wa Upare wanaujua msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuchonga barabara na kujenga shule. Wala ufundi huu hautushindi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Wako watakaouliza: kuna haja gani, iwapo huduma za makampuni hatuzilipii? Jibu ni kwamba mwenye mlango ndiye mwenye ufunguo. Kampuni ya Google ilianza huduma yake ya ujumbe mwaka 2005 kwa kutumia XMPP, ikazungumza na seva za wengine. Mwaka 2013 ilianza kuuacha utaratibu huo, na waliokuwa nje wakafungiwa.

Sisi wenyewe tumekwisha kuonja faida ya milango iliyo wazi. Kuanzia mwaka 2014 wateja wa Tigo, Airtel na Zantel walianza kupelekeana fedha moja kwa moja kwa simu, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Ikiwa fedha zaweza kuvuka kutoka kampuni hadi kampuni, maneno yanazuiwa na nini? Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 2022 kuwalazimisha wakubwa wa biashara hiyo kufungua milango yao.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, pamoja na mwenzake wa Zanzibar, zihakikishe kwamba mitambo ya ujumbe inayonunuliwa kwa fedha za umma inafuata kanuni za wazi, ili ofisi ya Wilaya ya Lushoto iweze kuzungumza na ofisi ya Wete bila kuomba ruhusa ya mfanyabiashara. Vyuo navyo viihesabu kazi ya kujitolea katika programu za wazi kuwa sehemu ya mafunzo ya vitendo, na viwape vijana umeme na intaneti ya kuifanyia. Kujitolea hakuna maana ya kuachwa mikono mitupu.

Kijana anayesahihisha kosa moja katika programu ya umma anajenga taifa sawasawa na yule anayeshika jembe barabarani. Tumhesabu hivyo.