Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Askari anapojeruhiwa vitani, au polisi anapokatwa mguu kwa ajali ya kazini, jamaa zake humwuliza daktari swali moja: je, atapona? Sisi twaona kwamba liko swali la pili lililo zito zaidi: akishapona, atafanya nini? Kidonda hufunga kwa miezi, lakini miaka inayofuata ni mingi. Mtu aliyezoea gwaride, zamu na amri za kila siku hawezi kukaa barazani akingojea pensheni bila ya kufifia moyo.

Swali hili si geni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Uingereza ilijaa wanajeshi waliopoteza viungo. Mwaka 1922 Meja George Howson alifungua karakana ndogo mjini London, akaanza na watu watano waliolemazwa na vita, wakitengeneza maua mekundu ya kuwakumbuka waliokufa. Ua lenyewe lilibuniwa hivi kwamba hata mwenye mkono mmoja aliweza kuliunganisha. Hapo ndipo penye fundisho: kazi ilirekebishwa imfae mtu, wala mtu hakutupwa kwa kuwa hakuifaa kazi.

Afrika ya Mashariki nayo ina mifano yake. Huko Mombasa, karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969, na ndani yake walemavu wakatengeneza mapambo, nguo, vitu vya ngozi na vya mbao. Huko Iringa, mwaka 2003, karakana ya Neema ilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Kitu ambacho wengine hukiruka njiani kikawa chanzo cha riziki.

Lakini tusidanganyane, ndugu zetu askari na polisi. Kazi ya mikono haimkomboi mtu kwa kuwa tu ni kazi ya mikono. Kikapu kinachonunuliwa kwa huruma ni bakuli la kuombea lililosukwa vizuri. Mnunuzi wa huruma huja mara moja, ilhali mnunuzi wa kitu imara hurudi. Tena karakana inayotegemea watalii peke yao imejengwa juu ya mchanga. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege, mafundi walibaki na bidhaa mikononi bila ya wateja.

Jambo jingine ni hiari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, wasema katika ibara ya 27 kwamba mlemavu ana haki ya kupata riziki kwa kazi aliyoichagua mwenyewe. Basi fundi wa redio aliyepoteza mguu asipewe sindano ya kushonea viatu kwa sababu tu hawezi kutembea. Masikio na vidole vyake vingali vyajua redio. Ufundi wa mikono uwe mlango mmoja kati ya mingi, usiwe boma la kuwafungia walemavu.

Yatupasa nini? Hapa Uganda jeshi lina kituo cha Mubende kwa ajili ya askari waliolemaa, na fikira zetu zaelekea huko na kwingineko kama huko. Majeshi na polisi hununua viatu, mikanda, sare na viti kila mwaka. Sehemu ya mahitaji hayo yaweza kuagizwa katika karakana za walemavu, kwa bei ya haki, na kukaguliwa kwa ukali ule ule unaotumika kwa mfanyabiashara yeyote. Hapo fundi hatakuwa na haja ya kuhurumiwa. Askari aliye zamuni usiku atasimama juu ya viatu vilivyoshonwa na mwenzake asiye na mguu, naye atajua ya kuwa mwenzake angali kazini.