Tusiwacheke wa Kanungu

Ndugu Waislamu, kila yanapotajwa maafa ya Kanungu, Uganda, ambako mamia ya wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, wapo miongoni mwetu wasemao: wale walikuwa wajinga. Sisi tunaikataa kauli hiyo. Ni kauli ya uvivu, na ina harufu ya kibri.

Wengi waliingia wakiwa na msiba. Ukimwi ulikuwa umezifagia nyumba za vijiji vile. Kundi likawapa chakula, kazi na watu wa kuwaita ndugu. Kisha wakauza mashamba, fedha wakawakabidhi viongozi. Wakakatazwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara, ati ulimi usije ukavunja amri. Asiye na shamba la kurudia, wala ruhusa ya kumnong'oneza jirani shaka yake, atatokaje? Mwaka 1999 ulikwisha na dunia isiishe kama walivyoahidiwa. Kabla ya miezi mitatu kutimia, moto ukawaka. Na Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyopita 400.

Sasa tuitazame misikiti yetu. Imamu akishatoa salamu, milango hufungwa. Kijana akiuliza jambo la itikadi huambiwa anyamaze. Fedha za marumaru zipo, za mgonjwa hazipo. Mjane yumo edani, na baada ya siku ya tatu hakuna ampigiaye hodi. Enyi wajumbe wa kamati, kesho akibishiwa mlango na mgeni mwenye kilo mbili za unga na maneno matamu, mtamlaumu nani?