Taa ya Motokari Ikiwaka: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye



Juma hili tunaacha kidogo masomo ya watoto, tunaongea juu ya motokari. Msishangae. Samaki wetu wa ziwa Mwero wanafika Lubumbashi kwa motokari, na makuta ya minerval yanarudi Pweto kwa njia hiyo hiyo. Motokari ikianza kula esanse kupita desturi, ni faida yetu inayoungua.

Mwezi uliopita, kikundi kimoja cha wauza samaki kiliona taa ya njano imewaka mbele ya shofere wao. Garaji moja ikasoma kosa kwa mashine: P0135. Jibu likawa fupi: nunueni sonda mpya ya oksijeni. Bei yake ingemaliza likelemba ya mwezi mzima. Wamama wakatafuta fundi mwingine anayekubali kupima. Huyo alikuta waya wa sonda umeangukia bomba la moshi, umeyeyuka, na fyuzi imeungua. Sonda yenyewe ilikuwa nzima. Alibadilisha kipande cha waya na fyuzi, akaufunga waya mbali na bomba, taa ikazimika.

Sonda ya oksijeni ni kitu gani? Ni piyesi ndogo iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Inapima oksijeni iliyobaki ndani ya moshi, halafu inaambia kompyuta ya motokari kama esanse ni nyingi au ni kidogo. Haifanyi kazi mpaka ipate moto wa digri 300 hivi. Kwa hiyo nyingi zina waya nne: mbili za kuipasha moto, mbili za kupeleka habari. Isipopata moto, kompyuta inakisia tu, na mara nyingi esanse inazidi.

Namba P0135 inasema kwamba njia ya umeme ya kupasha sonda moto ina shida. Haisemi sonda imekufa. Ni kama homa ya mtoto: homa inatuonyesha kuna ugonjwa, lakini hatumpi dawa ya malaria kabla ya kipimo.

Basi, kabla ya kutoa makuta, tumwombe fundi mambo haya kwa upole:

1. Aangalie waya kwa macho: zimeungua, zimekatwa na panya, au maji na matope vimeingia kwenye kiungo? Barabara yetu, vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, haihurumii waya.

2. Aangalie fyuzi. Ikiwa imeungua, atafute sababu kabla ya kuweka nyingine.

3. Achomoe kiungo, apime kwa multimeta kama umeme wa batri, volti 12 hivi, unafika upande wa motokari. Usipofika, sonda mpya haitasaidia kitu.

4. Apime waya mbili za moto upande wa sonda, ikiwa imepoa. Kwa nyingi, multimeta inaonyesha omu chache, mpaka 20 hivi. Ikionyesha kwamba umeme haupiti kabisa, hapo sonda imekufa kweli.

5. Motere ikiwa moto, apime habari inayotoka. Kwa sonda za kawaida inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikibaki chini tu, atafute kwanza tundu kwenye bomba la moshi mbele ya sonda, maana hewa ya nje inaidanganya. Motokari nyingine zina sonda ya namna tofauti. Hizo fundi azisome kwa mashine.

Lakini tusiiache taa iwake miezi. Esanse inayozidi inaweza kuharibu chombo kinachosafisha moshi ndani ya bomba, na bei yake ni kali kupita ya sonda.

Kila kikundi chenye motokari kiandike maswali haya matano kwenye kaye ya shofere. Piyesi ikibadilishwa, ile ya zamani irudi mikononi mwetu, pamoja na karatasi ya vipimo. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Anafurahi kuonyesha kazi yake. Kuuliza si ujinga, na makuta ya kikundi yana jasho la wengi.

Tuonane juma lijalo.