Msimng'oe Mbega Meno

Mwezi uliopita, katika kibanda cha chai mjini Korogwe, kijana mmoja aliniamkia kwa adabu, akaniwekea mezani kurasa kumi na mbili za katuni. "Shikamoo, mwalimu. Nimemwandika upya Mbega kwa wasomaji wa leo." Nilifurahi, kwani mimi ni mzaliwa wa Handeni, na Mbega alitokea milima ya Nguu, upande wa Kilindi, uliokuwa sehemu ya wilaya yetu hadi 2002. Mkono wa kijana ni mzuri. Mbwa wake wanakaribia kubweka. Lakini nilipofika mwisho nilimuuliza: "Meno yako wapi, mwanangu?"

Alijibu kuwa ameyaondoa. Msomaji wa leo, alisema, haelewi habari za kigego. Basi Mbega wake anapata nguvu kutokana na mkuki ulioanguka kutoka nyotani. Hapo ndipo ninapopingana naye, pamoja na wote wenye mawazo kama yake.

Sipingi kuandika upya. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichoanza kuchapwa na misheni ya Magila miaka ya 1890 na kurudiwa Nairobi 1962, nacho ni usimulizi upya: masimulizi ya milimani yaliyovikwa Kiswahili cha pwani. Hadithi isiyosimuliwa upya hufa. Swali ni kipi kibadilike na kipi kibaki.

Tuwatazame hao tunaowaiga. Superman alipotokea 1938 alikuwa akiruka tu kwa miguu, hapai angani. John Byrne alimwandika upya 1986, akabadili mengi. Lakini mtoto bado alitoka katika sayari iliyoangamia. Spider-Man wa 1962 aliandikwa upya mwaka 2000. Mjomba wake akafa vilevile. Wamarekani hubadili mavazi, mji na simu. Jeraha hawaligusi, maana wanajua kuwa shujaa huzaliwa humo.

Jeraha la Mbega ni meno. Aliota ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa nuksi ya kuuawa. Wazazi wake walimlea. Walipofariki, ndugu walimnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, mwindaji wa nguruwe asiye na kwao. Huyo ndiye Wasambaa waliyemla nyama yake, wakamshukuru kwa kuua simba, wakamketisha Vugha wakimwita Simba Mwene. Yaani aliyetupwa na watu wake kama balaa alipokewa na wengine kama neema. Mkuki wa nyotani unasema nini? Kwamba ukuu ni bahati ya kuokota.

Nina sababu ya kuling'ang'ania hili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaka aliyeota meno ya juu kwanza. Jina lake halikutajwa nyumbani, wala kaburi lake hatulijui. Na msiniambie kuwa hayo ni ya kale: nchi hii hii imeshuhudia watoto wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya maumbile yao. Msomaji wa leo anamwelewa kigego vizuri sana. Huenda amekaa naye dawati moja.

Kijana alinipa hoja moja nzito: hadithi hii ilihalalisha utawala wa Wakilindi, na utawala huo, baada ya kufa kwa Kimweri ye Nyumbai, uliingia katika vita vya ndugu na kuuza watu utumwani. Ni kweli. Basi aandike hilo! Aonyeshe wajukuu wa aliyefukuzwa wakiwafukuza wengine. Hapo atakuwa ameandika upya kwa maana yake halisi, kwa kuongeza ukweli. Kung'oa meno si ujasiri wa kisasa; ni woga wa kumuudhi mnunuzi.

Tena, kwa nini nguruwe aanguke kwa "Boom"? Kiswahili kina tanakali sauti za kutosha: akianguka mchangani, tifu, majini, chubwi, matopeni, tapwi, na msitu ukinyamaza, jii. Lugha hii ilikuwa tayari kwa katuni kabla ya katuni kuja.

Kijana aliondoka na kurasa zake bila kuniahidi kitu. Namwachia ubeti huu, pamoja na chai niliyomlipia:

Kigego si wa aibu, tusimfute kwa wino,
Kwao alipata tabu, kwa kuota hayo meno,
Mwandikeni kwa adabu, msipunguze maneno,
Kovu likifutwa lote, shujaa hatabakia.