Mti Ukifa Ghafla, Usifichwe



Twaulizwa mara nyingi: iko dawa gani ya mkarafuu unaokufa ghafla? Tuseme kweli: ukishanyauka, hakuna. Wataalamu waliochunguza maradhi hayo Unguja katika miaka ya 1950 waliitaja kuvu ya mizizini, Valsa eugeniae.

Wenzetu wakulima wa pamba wa Mwanza wana la kutufunza. Pamba yao hupatwa na mnyauko wa fuzari, kuvu ikaayo udongoni miaka mingi, ikaingia mizizini na kusafiri ndani ya mbegu. Hawakukaa kungoja dawa. Kituo cha Ukiriguru kilizalisha mbegu zinazostahimili, kama UK 77 na UK 91.

Lakini mkarafuu si pamba, haupandwi kila mwaka. Kungoja mbegu mpya ni kungoja umri wa mtu. Kwa hiyo twashauri: mti ukifa ghafla, tusione haya. Aambiwe jirani na bwana shamba siku ile ile; mti ung'olewe na mizizi yake, uchomwe; jembe lisafishwe kabla ya kuingia shamba jingine. Anayeficha mti mmoja humtia hasarani jirani yake.

Katibu