Dereva Mgeni Asitiwe Hofu
Ni jambo la kusikitisha jinsi dereva mgeni anavyotendewa katika barabara za Dar es Salaam. Mwalimu aliyenunua gari kwa mkopo afikapo Ubungo saa moja asubuhi, gari likimzimikia kidogo tu, hupigiwa honi kama mhalifu. Honi hizo haziusogezi msafara. Humzidishia tetemeko la mguu ulio juu ya klachi.

Wako wasemao kwamba mwoga apande basi. Hoja hiyo ni dhaifu. Anayeogopa ameitambua hatari, jambo ambalo baadhi ya vijana wa bodaboda bado hawajalitambua. Kinachomkosesha ujasiri ni kujitosa katika msongamano kabla viungo havijaizoea kazi. Hapana budi aanze Jumapili alfajiri, kwa njia ile ile aendayo kazini, mathalani Barabara ya Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, airudie mpaka mkono uifahamu gia bila ya kutazama. Kisha ajaribu saa nne, siku ya kazi. Mwisho saa moja yenyewe. Vioo vyote avitazame, maana pikipiki hupita kushoto na kulia. Na akikosea njia penye daraja la Ubungo, lililofunguliwa mwaka 2021, asikate ghafla mbele ya daladala. Aendelee, akageuze gari mahali palipo salama, hata kama atachelewa mkutanoni.